Kaburi la Sampo Limesogeza Barabara

Bi Tunu, mshauri wetu wa kila Jumamosi, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na ukishaanza kucheka jizuie mpaka ufike mwisho, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mie ni fundi wa makaburi. Siyo mchimbaji, wachimbaji ni watu wengine kabisa, mie ni fundi wa kujengea, wa terazo, wa vigae, wa msalaba wa kuchonga, na bila kujisifu hakuna mtu Temeke nzima anayeng'arisha terazo kama mie, nimefanya kazi Beira, nimefanya Lubumbashi, nimefika mpaka Durban ambako nilifukuzwa kwa sababu ya karatasi siyo kwa sababu ya kazi, kazi waliipenda, na kuna mzee mmoja wa Kawe nilimjengea kaburi la marehemu mkewe, alipoliona akasema fundi Kasimiri sasa hata mie naweza kufa kesho, nikamwambia mzee usiwe na haraka, saruji haijakauka. Shule niliishia darasa la sita, mwalimu akasema mtoto huyu ana maneno mengi kuliko kitabu, basi nikamwachia kitabu chake.

Nyumba yangu iko huku pembeni, mtaa tunaouita Kwa Mpeta, vyumba vinne, nimeijenga kwa mikono hii hii, na mbele yake upande wa barabarani nimejenga kaburi moja la sampo, yaani la mfano, ili mteja akija aone na aguse, maana mtu aliyefiwa hana akili ya kuangalia picha kwenye simu. Halina mtu ndani. Halijawahi kuwa na mtu ndani, lina kifusi na mifuko mitupu ya saruji, lakini kwa sababu mie sifanyagi kazi nusu nusu nimelijenga kama la kweli, vigae vyeusi, msalaba, na jina la Albano, ambaye siyo mtu, ni jina tu niliona linakaa vizuri kwenye herufi za kuchonga.

Sasa mwaka huu Manispaa imeanza kubadilisha mpango wa matumizi ya ardhi wa huku kwetu, na barabara yetu ya vumbi ambayo kwenye mchoro wa zamani ilikuwa njia ya mtaa tu, wanataka ipandishwe daraja iwe barabara kubwa, na barabara kubwa Bi Tunu haina mzaha, inataka hifadhi yake pana, mtu asijenge humo, na aliyekwisha kujenga apishe. Wakaja vijana wa upimaji na makoti yao ya kung'aa na mashine ya miguu mitatu, na mstari waliokuja nao ulikuwa unapita sebuleni kwangu, siyo karibu na sebule, sebuleni, pale penye televisheni. Kiongozi wao kijana mpole anaitwa Brightson, akafika kwenye sampo, akavua kofia.

"Mzee wangu, huyu nani yako?"

Mie kwa mdomo wangu huu nikamwambia, "Huyo babu yangu, Mzee Albano. Mkali huyo! Alipokuwa hai hakupenda kelele, sasa sijui hiyo lami yenu ataipokeaje."

Nilikuwa natania, Bi Tunu, mie nataniaga na kila mtu, nilijua atacheka. Kumbe kijana amelelewa, akasema, "Pole sana, baba," akaanza kuandika kwenye kishikwambi chake, na mie nikasema moyoni ngoja amalize kuandika nimwambie, akamaliza, sikumwambia, utamu ulikuwa umeshaanza kuniingia.

Juzi juzi rasimu ya mchoro mpya ikabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mstari umenikwepa. Pale kwangu wameandika kaburi la familia, na hifadhi yote ya barabara wameisogeza upande wa pili, na upande wa pili ndipo anapokaa Bi Hamida.

Huyu Bi Hamida ni mjane na ni mtani wangu, yeye Mmakua wa Masasi, mie Mmakonde wa Newala, akiniona asubuhi ananiuliza leo unamzika nani, nami namwambia nakusubiri wewe tu nifunge hesabu. Ana kisima uani kwake, na bomba la mtaani likikauka, na linakaukaga kweli, mtaa mzima unachota kwake. Mie wakati najenga sikuwa na tone, akaniita mwenyewe, "Chota we Mmakonde, usije ukajenga kwa mate," kwa hiyo kila tofali ya nyumba yangu imekunywa maji ya kisima kile. Na mstari mpya unapita juu ya kisima, unachukua na vyumba viwili vya mbele anavyoishi na wajukuu zake.

Rasimu ilipobandikwa akaja kwangu. Nikasema leo nitatukanwa mpaka ukoo, nikajiandaa. Hakunitazama hata, akaenda moja kwa moja kwenye sampo na ndoo ya maji, akaliosha vumbi lote, taratibu, kama anaosha mtoto, ndipo akaniangalia.

"Kasimiri, mtani mbaya wewe. Miaka yote babu yako yuko hapa, mie napita na ndoo zangu napiga makelele, hukuniambia? Si ningekuwa namsalimia."

"Bi Hamida, sikiliza..."

"Nyamaza. Nimeliona lile karatasi lao. Maiti hasumbuliwi. Bora wapite kwangu, mie niko hai, nina miguu ya kuhamia."

Bi Tunu, mie ni mtu niliyebishana na askari wa Durban kwa Kizulu cha kuokota nikashinda, siku ile nilichukua kitambaa nikakausha vigae alivyoviosha.

Nikamwambia mke wangu Bernadeta naenda kusema ukweli. Akaweka mwiko chini akasema, "Kaseme. Ukirudi uwaambie watoto watalala wapi. Na nani tena atanunua kaburi kwa fundi anayedanganya makaburi?" Usimwone mbaya, huyo huyo juzi alimpelekea Bi Hamida sahani ya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, akarudi macho mekundu.

Mkutano wa wananchi kutoa maoni umekaribia, na baada ya hapo mchoro unapelekwa juu kupitishwa. Sasa sikiliza ninachotaka. Kisima hakitafukiwa kwa ajili ya mdomo wangu, hilo nimeshalikata, sikuulizi niseme au nisiseme, nakuuliza niseme vipi. Nimewaza nivunje sampo kimya kimya nitangaze babu kahamishiwa Newala. Nimewaza nilitoe mkutanoni kwa mzaha, watu wacheke, yaishe. Nimewaza nimtume mtu aseme kwa niaba yangu. Nichagulie. Na kama iko njia ambayo na nyumba yangu inabaki, usinifiche dada yangu, nina watoto. Jina langu liandike lote, mie sijifichi.

Fundi Kasimiri, Kwa Mpeta, Temeke

*

BI TUNU ANAJIBU

Fundi, marahaba. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye ndoo ya maji. Kuanzia hapo sikucheka, na nadhani na wewe ndipo ulipoishiwa.

Majina na mtaa nimebadilisha, ujifiche usijifiche. Anayepaswa kuisikia habari hii kwanza ni yule mama wa ng'ambo ya barabara, siyo wasomaji wangu.

Pole. Moyo unao, tena mkubwa, ila umeuacha mdomo utangulie mbele kila mahali. Kujenga sampo ni biashara, sina neno. Kumtania mpimaji ni ujinga wa dakika moja, nao unasameheka. Ila ulisimama mbele ya rasimu ukaona mstari umehamia kwa mjane, ukarudi nyumbani ukakaa kwenye ile sebule. Hapo, Fundi, hakuna utani. Utani ni wa watu wawili. Ukibaki unacheka mwenyewe huku mwenzio anafikiria pa kuhamia, hilo lina jina lingine na unalijua.

Sasa hizo njia zako tatu, zote nimezitupa. Utavunja kimya kimya useme babu kaenda Newala? Kuhamisha kaburi kuna kibali, watakuuliza kiko wapi na nani alishuhudia, utajikuta umebuni babu, ukabuni na gari la kumbeba. Utalisema mkutanoni kwa mzaha? Watu watacheka sana, nakuhakikishia, na atakayechekwa si wewe. Ni yule mama aliyeliosha. Atakuwa amekaa katikati yao na ushungi wake, hajui aangalie wapi. Hilo hukuliwaza. Na kumtuma mtu, sijui hata ulithubutuje kuandika. Miguu iliyofika Durban inashindwa kuvuka kwenda kwa jirani?

Utakwenda kwa Bi Hamida wewe mwenyewe, na Bernadeta awe pembeni yako. Sema lote kuanzia kofia ya yule kijana mpaka leo, bila kulipamba, bila kumchekesha. Akikutukana, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye, wala usiujaze ule ukimya kwa maneno, najua utatamani.

Ukitoka hapo nenda kwa mtendaji wa mtaa, umwombe akukutanishe na Brightson. Mwambie kwamba pale hapajazikwa mtu, taarifa uliyompa irekebishwe, na rekebisho hilo liwekwe kwa maandishi ukitia sahihi yako. Yule kijana alikuvulia kofia. Usingoje wakubwa zake waligundue wenyewe halafu aonekane yeye ndiye mzembe. Na jina la Albano lifute, uandike MFANO, herufi kubwa, hata mpita njia asome.

Mkutanoni sasa, na hapa nakugombeza wewe na mtaa wako wote. Mnahangaika mstari upite kwa nani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini barabara hiyo iwe ya daraja kubwa hivyo. Nina mpwa wangu anafanya kazi hizo za mipango miji mkoa mwingine, nimemuuliza. Anasema rasimu inabandikwa ili watu waseme, na inaposemwa hoja yenye maana hubadilishwa. Ila ukisimama ukasema "msipite kwangu", unapoteza muda, kila mtu atasema hivyo. Uliza ipo barabara gani nyingine kubwa jirani inayofika kule kule. Kama ipo, ombeni hii yenu ipangwe daraja la chini, hifadhi yake iwe nyembamba, ipite katikati yenu ikichukua uzio na baraza za pande zote mbili, iache vyumba vya kulala. Pande zote mbili, umenielewa? Sampo yako iwe ya kwanza kwenda.

Halafu niambie, kisima kimechorwa kwenye hiyo rasimu? Kakiangalie leo. Kama kaburi lisilo na mtu limeandikwa na kisima kinachonywesha mtaa hakimo, basi hilo ndilo la kupeleka. Zungukeni nyumba kwa nyumba, kila anayechota pale aje aseme kwa mdomo wake. Hiyo midomo mingine haina doa kama wako, itumie.

Bernadeta, mama, nakusikia. Unawaza watoto, na ni haki yako. Lakini umeuliza nani atanunua kaburi kwa mumeo. Nakujibu. Kazi yake yote inafunikwa na vigae, hakuna mteja anayeona nondo zilizolala ndani. Wanamwamini tu. Siku mtaa utakapojua kwamba alisema kweli wakati kweli inamvunjia nyumba, hao hao ndio watakaomleta kwenye misiba yao. Na kama watajua kwamba alinyamaza, je? Maana watajua, mama. Mtaani siri ni ya wiki tatu.

Siwaahidi sebule. Inawezekana ukasema yote, mkaomba vizuri, na bado mstari ukarudi pale penye televisheni. Ukirudi, usikimbie na usibuni babu mwingine. Simamia fidia yako kwa haki, shilingi yako usiiache, ujenge upya. Unajua kujenga, umetuambia mara sita.

Gazeti hili linatoka Jumamosi asubuhi. Ukilifungua, chai iache mezani uvuke, kabla mtu hajamsomea. Na siku ya mkutano muingie pamoja, wewe na mkeo na Bi Hamida kama atakubali, mkae benchi moja. Mwenyekiti atauliza nani ana maoni. Mkono wa kwanza kupanda uwe wako.