Salsa na Shemeji Yako

Dada yangu kipenzi,

Natumaini mgongo umepoa na wanangu hawakusumbui sana. Sisi hatujambo, na mimi ni mzima kupita kiasi, maana kila shemeji yako akivua viatu mlangoni moyo unaniruka kama vile nimeposwa jana. Ndoa ni tamu, dada. Mbona ulinificha?

Ila kuna jambo linanichanganya. Tumejiunga na darasa la kucheza salsa, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilivaa gauni jekundu nikidhani tutaelea. Wapi! Mwalimu wetu, mama mwenye filimbi shingoni, anasema mwanamume ndiye anayeongoza: anaweka kiganja mgongoni mwa mwanamke, na mwanamke anasubiri kiganja kimwonyeshe njia. Nikasubiri. Shemeji yako alinishika kama ameshika yai, muziki ukaenda zake, sisi tumesimama kama tunangoja basi. Nikijitutumua kwenda, naye anajitutumua, magoti yanagongana.

Filimbi ikilia mnabadilishana wenza. Nikaangukia kwa fundi wa friji tunayemwita Bonge. Dada, nilizunguka mpaka nikajishangaa. Bonge akamwambia shemeji yako kwamba mke ni mwepesi, tatizo ni dereva. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini nilimwona anavyonywea. Nikajifungia chooni nikalia. Tunapendana hivi, inakuwaje mwili wangu unamwelewa fundi wa friji na haumwelewi mume wangu? Au tuliharakisha kuoana?

Wiki nzima nikawa nachemsha chai bila majani. Jana tukiosha vyombo nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini haniongozi. Akawa anafuta sahani iliyokwisha kukauka. Mwishowe akasema anaogopa kunipeleka nisikotaka, kwa hiyo huwa anangoja kwanza ajue mimi nataka kwenda wapi. Kumbe mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi.

Hapo akakiri kwamba salsa yenyewe haipendi hata kidogo. Alitulipia kwa sababu aliniona nimesimama nje ya ukumbi ule, akadhani natamani. Dada, nilikuwa natafuta funguo kwenye mkoba. Na mimi nilikubali kwa kudhani yeye ndiye anatamani. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kicheko kilipoisha nikaingiwa na hofu. Ni mangapi mengine tunayafanya hivi humu ndani, kila mmoja akimfurahisha mwenzake kwa kitu ambacho hakuna anayekitaka?

Na kiroja ni hiki: leo ni siku ya darasa, na sasa mimi nataka kwenda. Asubuhi nikamwambia hivyo waziwazi, kwamba nataka anipeleke hata nisikokujua, na asipotaka aseme. Aliweka kikombe chini, akaniwekea kiganja mgongoni, akanisukuma kidogo. Nikaenda. Hakukuwa na muziki, na sijui tulikuwa tunaelekea wapi mle jikoni, kati ya jiko na ndoo ya maji. Sijui kama ile ndiyo salsa. Ninachojua ni kwamba hatukugongana.

Wabusu wanangu wote, na shemeji mkubwa umwambie namheshimu hata asiponipigia simu.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere