Salamu za Jumapili

Jumapili, 7 Septemba

Nimerudi kutoka kazini saa saba mchana, miguu imevimba. Mzee ninayemhudumia ghorofa ya tano leo kakataa kuogeshwa, kanirushia sponji. Nimemwogesha hivyo hivyo. Nyumbani wali wa jana, sala, kisha simu. Jumapili ikipita bila voisi yangu ya kurekodi kwenye gurupu la mtaa, watu hudhani nimekufa.

Gurupu lina watu wa kwetu kisiwani, wa hapa London, wa Dubai, wa Toronto. Mie ndiye msemaji. Hakuna aliyenichagua.

Leo nimesema kuhusu mashine ya kuvutia maji ya msikiti. Imeibiwa tena, hii mara ya tatu. Mdogo wangu Seif kanipigia Ijumaa. Alikuwa anakwenda sala ya alfajiri, kaiona inapakiwa kwenye pikapu ya ofisi ya serikali. Nambari za gari kaziona. Kaniambia mie tu.

Nimeyatema yote. Kisiwa chenyewe ukianza kutembea asubuhi, adhuhuri ushafika pwani ya pili. Kila mtu binamu wa mwenzake. Mwizi anajulikana kwa jina, kwa mama yake, kwa skuli aliyosoma, na shahidi hapatikani. Akiozesha mtoto, wakubwa wa polisi wanakaa safu ya mbele. Nimesema watu wetu waoga. Nimesema hapa London wezi tele, wanapora simu mchana kweupe, lakini ukiona unasema, unatoa jina lako, unakwenda zako kulala. Huko serikali imemiliki mpaka ndimi za watu.

Dakika tisa. Makofi yamejaa kwenye skrini. Nimelala mchana kwa raha zangu.

Jumanne, 9 Septemba

Bi Rukia kanipigia nikiwa kwenye basi. Tulikua nyumba moja na ya pili kule kwetu, sasa yuko Walthamstow, hapa hapa London. Voisi yangu kaisikia kwa mtu wa Muscat ambaye kwenye gurupu hayumo. Mwengine kaisikia kwa dereva wa bodaboda huko huko kisiwani. "Umewasema, shoga. Umewasema barabara."

Nikavimba kichwa. Naandika ukweli, humu hamna wa kumdanganya.

Alhamisi, 11 Septemba

Seif kaandika maneno machache. Sheha kamwita. Kwetu sheha ndiye serikali ya mtaani. Kitambulisho, pasipoti, kiwanja, vyote vinaanzia kwenye barua yake. Kampa kahawa, kamuuliza hali ya dada yake wa Ulaya. Basi. Hakuuliza mashine, hakuuliza gari.

Nikamjibu asiwe mwoga. Kwani mie nilimtaja?

"Jisikilize mwenyewe, Dada."

Nimejisikiliza. Nilikuwa jikoni, nimesimama. Kwetu mtu haanzi kusema kabla hajasalimia, na salamu ni kwa majina, nyumba kwa nyumba. Ukimruka mtu ananuna mwaka mzima. Dakika mbili nzima nasalimia. Wa juu ya kilima, wa karibu na kisima, bibi harusi, mgonjwa wa mguu. Halafu, kwa sauti ya kujidai: "Na mdogo wangu mwalimu Seif, ahsante kwa simu ya Ijumaa, bila wewe mie huku ningekuwa kiziwi." Na papo hapo nikaingia kwenye pikapu.

Nimefanya hivyo miaka. Sikuwahi hata kuisikia. Ningemruka angesema dada yake kapata Uingereza kamsahau. Sasa nimemtaja na nimemuuza. Mjinga mie, na miaka hamsini na nane hii.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeifuta kwenye gurupu. Zilizo kwenye simu za watu sina la kuzifanya.

Adhuhuri simu. Nambari ya kwetu, siijui. Mwanamme, sauti laini, adabu tele. Shikamoo. Kauliza afya. Kauliza goti langu la kulia. Kauliza mwanangu Salma, ashamaliza chuo? Kauliza nitakuja lini kutembea, watu wamenikumbuka. Jina lake hakusema.

Nimemjibu kila kitu. Ndiyo, goti linaendelea vizuri. Ndiyo, Salma kamaliza. Mtu kakuamkia shikamoo, utamkatia simu? Ushaitika marahaba, tena umeshanaswa.

Goti nililitaja kwenye voisi ya mwezi uliopita. Salma sijawahi kumtaja.

Jumatatu, 15 Septemba

Wifi yangu Maryam, mke wa Seif, kapiga analia. Wanaume wawili bila sare wameingia darasani. Seif alikuwa anafundisha hesabu darasa la nne. Kawaomba amalize swali lililo ubaoni. Wamemsubiri. Wametoka naye, chaki bado mkononi.

Maryam kaenda kituo cha polisi. Hatuna mtu huyo. Kaenda cha mjini. Hatuna. Kaenda kwa sheha. Sheha hajui, kasema pole.

Seif ana presha. Vidonge vyake viko juu ya friji.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna habari.

Leo nimemwogesha mzee kwa maji ya baridi, sikutambua mpaka alipopiga kelele. Supavaiza kanipa onyo. Haki yake.

Salma, kwa Kiingereza chake, anataka tumwandikie mbunge wetu wa hapa, tuweke picha ya mjomba wake mtandaoni, dunia ijue. Nimemkatalia. Kanitazama hanielewi, najua anajiuliza. Mwanamke huyu kwa miaka kanipigia kelele kuhusu haki, leo kulikoni? Na angekuwa ndugu wa mtu mwengine, ningesema hayo hayo ya Salma, tena kwa ukali.

Naogopa. Niko Thamesmead, flati ya kaunsili, ya manispaa, ghorofa ya tatu, mlango una komeo mbili, pasipoti ya hapa ninayo. Na bado naogopa.

Gurupu kimya. Hata wale wa kutuma maua ya asubuhi hawatumi.

Alhamisi, 18 Septemba

Yule mwanamme tena. Kasema hawana ugomvi na mie, mie mtoto wa pale. Kuna maneno yamekwenda kombo, na aliyeyapeleka kombo ndiye wa kuyanyoosha. Kwenye gurupu lile lile, Jumapili isifike. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Kasema hamjui mtu huyo.

"Zile salamu zako usiziache, mama. Tunazipenda."

Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, kaniuliza vidonge vya presha hunywewa mara ngapi kwa siku.

Nimemwambia mara mbili. Asubuhi na jioni, baada ya kula.

Simu ikakatika nami nikakaa chini sakafuni. Yu hai. Yu hai na wao ndio wanaye.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimerekodi. Chooni, Salma asisikie. Nimefuta mara kumi na moja.

Nimewasalimia wote, nyumba kwa nyumba. Nimemsalimia sheha. Nimemsalimia mkuu wa ile ofisi yenye pikapu. Nimesema nilidanganywa na mtu aliye huku huku Ulaya, mashine haikuibiwa, ilichukuliwa kwenda kutengenezwa. Nimesema serikali yetu inapambana na wizi usiku na mchana, na sisi tulio nje tuache kuchafua jina la nchi. Nimecheka mahali pa kucheka. Mtu asiyenijua atasema mama huyu anasema kutoka moyoni.

Hakuna makofi. Bi Rukia katoka kwenye gurupu bila neno, wengine wanne wakamfuata. Nimempigia, hapokei. Simlaumu. Angekuwa yeye, ningemsema Jumapili nzima, kwa jina.

Maryam hakupiga. Hakuna aliyepiga.

Jumapili, 21 Septemba

Seif yuko nyumbani. Wamemshusha jana jioni barabara kuu, kaja kwa miguu.

Tumeonana kwa video. Kageuza uso, kanionyesha upande mmoja tu. Kasema kateleza bafuni. Nikasema pole. Tumezungumza mvua. Tumezungumza mbuzi wa Maryam aliyezaa pacha. Kahamishwa skuli, anapelekwa kisiwa kidogo cha kaskazini, boti inakwenda mara mbili kwa wiki. Hajui sababu, kasema. Nyuma yake nilisikia wanawake wanavuta maji kwa ndoo. Mashine hatukuitaja, si yeye si mie.

Nikamwambia nisamehe.

"Usinitaje tena, Dada. Hata kwenye dua niombee kimoyomoyo."

Nililia alipokata. Si kwa kuwa kakasirika, hakukasirika. Alisema taratibu, macho yakiwa mlangoni, sauti ile ile ya watu niliokuwa nikiwaita waoga.

Leo sikutuma voisi. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 1 Oktoba

Mapumziko leo. Baridi imeanza. Mchana nilikuwa nakatakata mchicha jikoni, vijana wawili wakavunja mlango wa jirani. Jirani ni Mama Bisi, Mnigeria, anafanya usafi hospitali, wakati huo yuko kazini. Dirisha langu la jikoni linatazama mlango wake, hatua sita. Walitoka na televisheni na begi. Mmoja alivua kofia kujifuta jasho. Namjua. Anakaa ghorofa ya chini yetu.

Niliteremsha pazia. Nikamaliza mchicha.

Saa kumi ukabishwa mlango. Polisi, mwanamke, kijana kuliko Salma, uso mpole. Mama Bisi kasimama nyuma yake na sare ya kazi, hajavua hata koti. Polisi kaniuliza kama niliona au kusikia chochote. Kaniuliza na jina langu, kama sitajali.

Nikasema nilikuwa nimelala, nimeamka sasa hivi.

Kaandika. Jina sikumpa, naye hakulazimisha. Harufu ya mchicha na nazi ilikuwa imejaa ukumbini. Mama Bisi alilitazama dirisha la jikoni, akanitazama mie, kisha akaniomba radhi kwa kuniamsha.

Nikamwambia hapana neno.