Munyu wa Alizeti

Lumino, 14 Machi 2024

Kwa mwanangu Okochi,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ni goti tu linalonisumbua mvua ikikaribia. Huko Tororo hamjambo? Mkeo Acom je? Na Taaka wangu anakula?

Watu wa mradi wa kusafisha udongo walifika, wakapima uwanja nyuma ya jikoni, pale marehemu baba yako alipoyeyusha betri za magari apate madini ya risasi ya kuwauzia wavuvi wazamishie nyavu. Risasi imejaa udongoni hadi leo. Tumepanda alizeti ziivute kwa mizizi. Kuku nimewafungia, wamenuna. Nataka mjukuu wangu arudi kulala kwangu. Nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye.

Mama yako,
Nangila

Tororo, 2 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Salamu zimefika, nasi hatujambo. Taaka ana kelele kuliko soko la Busia. Kliniki wamempima damu tena: risasi imeshuka tangu atoke huko. Udongo ukisafika nitamleta mwenyewe, ila haba na haba, mama, wanasema itachukua misimu. Mbegu zisiliwe. Mbuzi wasipewe mabua, mradi watakuja kuyachukua.

Mwanao,
Okochi

Lumino, 24 Julai 2024

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Goti limepoa, labda kwa furaha. Alizeti tumevuna, zilinipita urefu. Hakuna aliyeonja mbegu, na mbuzi hawajagusa jani. Gari la mradi halikuja, nikaona mvua itayaozesha mabua papo hapo. Nikayachoma yaishe kabisa, maana moto hausazi sumu. Majivu yakatoka meupe, mazuri. Nikayachuja kwa maji, nikapata munyu, chumvi ya majivu, kama wa bibi yako. Majirani nimewagawia, na chupa yenu anayo Benedeta, anakuja sokoni huko. Najua Taaka hali kunde bila munyu wangu.

Mama yako,
Nangila

Tororo, 19 Septemba 2024

Mama,

Tunakusalimu. Risasi imepanda katika damu ya Taaka, hata kuliko alipotoka kwako. Tumbo linamuuma. Tulibadilisha maji, Acom akakwangua rangi ya milango, tukidhani risasi inatoka huko. Jana nikamwuliza mtu wa mradi, naye akaniuliza mabua yalikwenda wapi.

Mama, risasi haiungui. Inabaki kwenye majivu. Acom amepikia munyu wako kila siku, anasema unashinda wa kwao Uteso. Na barua yako niliisoma mimi, nikacheka, nikampa chupa. Usiule tena. Waambie uliowapa.

Mwanao,
Okochi

Lumino, 30 Septemba 2024

Mwanangu Okochi,

Leo sikuulizi hali, nimeshaijua.

Nimepita kila nyumba niliyogawa munyu, nikasema mlangoni, "Nilichowapa ni sumu, nirudishieni." Mama Mukhwana alikuwa ameshaumaliza. Jumatatu ijayo tunakwenda naye kupimwa. Uliorudi nimeutia ndani ya pipa pamoja na majivu, kifuniko nimekifunga kwa waya, tunangoja mradi. Niliogopa mbegu, nikaogopa mbuzi, jiko langu sikuliogopa. Nimelia, sikufichi.

Msimu ujao tutapanda tena. Usimlete Taaka, hata nikikuomba. Nitakuja mimi. Tangu niolewe sijaingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu, lakini safari hii nakuja mikono mitupu. Mwambie Taaka mapema, asije akatafuta kikapu.

Mama yako,
Nangila