Cheti cha Fundi wa Mbali

Kwa Kaka Bisibisi,

Salamu nyingi, kaka yangu, nyingi kuliko nyaya zilizosokotana chini ya meza yako. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wanao, bado wanafungua kila redio wanayoikuta nzima? Huku Mama mzima, mgongo tu unamsumbua akiinama, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi usiniulize. Nang'aa.

Habari kubwa ni kwamba nimefaulu mtihani. Ndiyo, mimi, niliyeacha shule kidato cha pili na mwalimu akamshukuru Mungu. Cheti ninacho, kina muhuri, na Mama amekitundika sebuleni juu ya picha yako ya harusi. Hakuamriwa na mtu. Labda mimi ndiye niliyeshika nyundo.

Unakumbuka tulivyobishana nianze na cheti gani. Wewe ulisema nianze na kile cha vyuma: kufungua mashine, kujua kila kipande, kubadilisha diski na feni. Ukasema fundi asiyeshika bisibisi ni karani tu. Dada yetu, ambaye hata kuwasha kompyuta hajui, alisema nichukue cha mitandao kwa sababu jina lake linapendeza. Mimi nilikuitikia wewe, naam kaka, ndiyo kaka, maana ni wewe uliyenipeleka kwa mkuu wa kitengo cha kompyuta cha kampuni yenu, huyu tunayemwita Mama Seva, ukamwapia kwamba akili ninayo ila imekaa vibaya. Nikapewa kiti makao makuu, kwenye meza ya kupokea matatizo ya kompyuta za watu, na wewe ukabaki tawini kwako na sanduku lako la vifaa.

Mama Seva aliponiuliza nimechagua nini, nilimjibu vyuma, kama ulivyonifunza. Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Akaniambia anayeanza kazi hachagui cheti kwa kusikia maneno ya watu, anachagua kwa kuangalia shida zinazoletwa mezani kwake. Basi nikazipitia za tawi lako. Kaka, nilisikitika, halafu nikacheka. Huyu amesahau neno la siri. Yule barua pepe yake imejaa. Printa haionekani kwenye kompyuta, na wenyewe wameizunguka wanaitazama. Programu imeganda. Aliyehitaji bisibisi kweli alikuwa mmoja tu, na huyo aliimwagia kompyuta yake chai. Nikachagua cheti cha kusimamia kompyuta kutoka mbali. Unakaa hapa, unaingia kwenye mashine iliyo kule, unaitengeneza, na mwenye nayo hata hajanyanyuka.

Mtihani wake una sehemu ya vitendo. Unachagua ofisi moja, unaihudumia bila kuikanyaga, kisha unaonyesha matokeo. Wenzangu walichagua ofisi za ghorofa ya juu hapa hapa, waoga wale. Mimi nikachagua tawi lako. Mama Seva akaruhusu, akasema tawini asiambiwe mtu ili matokeo yawe ya kweli.

Sasa kaa vizuri. Ile printa ya wahasibu iliyopona yenyewe, ni mimi. Kompyuta ya meneja wako iliyokuwa inajikokota, ni mimi. Na kile kirusi ulichopigana nacho, kaka, kilikuwa mdogo wako. Nilikuwa ndani ya mashine ya karani wa mapokezi nafagia takataka, mara nikaona ukurasa mweupe umefunguliwa na mtu anaandika kwa herufi kubwa, anauliza mimi ni nani. Nilikujua papo hapo, maana unaandika kama unavyogombeza watoto. Nikausogeza mshale taratibu, nikauzungusha kwenye swali lako, nikatulia. Ukaandika kwamba nitoke. Halafu ukachomoa waya. Nilicheka hadi Mama Seva akanitoa nje.

Ulipokuja nyumbani ukatusimulia jinsi ulivyokikomesha kirusi hicho kwa mkono wako, Mama akapiga makofi, na Shemeji akakutazama kama ndiyo kwanza amekupata. Mimi ndiye niliyekuomba urudie pale pa kuchomoa waya. Ukarudia, ukasimama kabisa na kukunja shati. Ulipendeza.

Kilichofuata ndicho kilichonishikisha kalamu. Siku ya kuonyesha matokeo alikuwepo Mama Seva na mkurugenzi mmoja mwenye haraka zake. Waliona tawi zima limekwenda sawa. Mkurugenzi akauliza kama kuna kazi yoyote kule inayohitaji fundi akae palepale. Kaka, majibu nilikuwa nayo. Ningesema vifaa huharibika. Ningesema watu wale wanahitaji mtu wa kuwaelekeza taratibu, na kwamba wewe wamekuzoea. Mama Seva alinitazama, hakunihimiza. Lakini niliona nikijibu ndiyo, nitakuwa nimekikana cheti changu mwenyewe. Nikasema hakuna. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba fundi aliyepo hakugundua kitu muda wote ule, isipokuwa mara moja, na siku hiyo alichomoa waya. Wakacheka. Sikufichi, kicheko chao kilinipa raha.

Nafasi yako imefutwa. Meneja wako atakuita Jumatatu asubuhi na atajifanya amehuzunika. Mama hajui. Nimekuachia umwambie mwenyewe, kwa sababu kwa sasa mwana anayesifiwa ni mimi na bado sijashiba.

Ukitaka kusoma, cheti hiki kipo, na vitabu vyangu nimeshavimaliza. Nitakufundisha, ila utaniita mwalimu. Sitanii.

Kazi yangu ya kwanza kwa cheti kipya nimeshapangiwa. Jumatatu, ukiwa chumbani kwa meneja, nifunge akaunti yako na kusafisha mashine yako. Mama Seva alitaka kumpa mtu mwingine, nikakataa. Huyo mwingine angefuta bila kukuandikia. Nimeona umeweka humo picha za watoto, na ile ya mdogo akiwa hana meno ya mbele. Sijazigusa. Zichukue Ijumaa kabla hujatoka, kwa sababu nikianza sitachagua cha kufuta na cha kuacha. Barua hii nimempa dereva wa kampuni aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine yeyote.

Msalimie sana Shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anauliza mtakuja lini tena. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, karibuni utakuwa na nafasi tele.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa Mbali