Tozo ya Mafuta

Tarehe 6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kifua cha Mama kimempa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Kibonge ana mafua, lakini pua kuziba haijawahi kumzuia kula.

Barua yako nimeipata kwenye mfuko wa ndani wa koti la Twiga, yule mhudumu wa ndege rafiki yako, kama ulivyosema. Nguo za wahudumu wa ndege zikiletwa huku kufuliwa, kazi yetu ya kwanza ni kupekua mifuko kabla ya kuzitia kwenye mashine, kwa hiyo hata msimamizi akiniona nimetia mkono hana neno. Huyo Twiga Mungu amzidishie urefu. Maadamu wafanyakazi wa ndege ile wanalala hotelini kwetu, mimi nina posta yangu. Simu ya kibandani inameza sarafu kabla hujamaliza salamu.

Sasa, lililo moyoni. Kibonge anatembea. Unajua hayumo kwenye kibali changu cha kazi, na baba yake tangu ahamie mji mwingine hata salamu hatumi. Alipokuwa mtoto wa kulala tu nilimlaza kwenye kitoroli cha taulo, na matroni wa bweni letu akajifanya haoni. Sasa ana miguu, na mdomo anao. Juzi alitoroka akafika mpaka kwenye lifti za wageni, taulo kichwani kama bibi harusi. Nimeonywa kwa upole, lakini nimeonywa.

Nataka nije naye, nimwache kwa Mama, kisha nirudi kumaliza mkataba. Nikiuvunja napoteza kiinua mgongo chote, na dawa za Mama zitatoka wapi? Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili anapakatwa, unamlipia kidogo tu. Akitimiza, lazima awe na kiti chake na nauli yake. Kibonge anatimiza mwezi wa tano. Pesa ya tiketi yangu ninayo, imetimia wiki hii. Ila mwenye duka la tiketi anasema kwenye safari ndefu za kuja na kutoka huku Asia wameongeza kitu kinachoitwa tozo ya mafuta. Nauli ni ile ile, tozo ndiyo inayonenepa. Wewe ndiye mtu wa mafuta. Ninunue sasa nibaki mfuko mtupu, au kuna nafuu mbele?

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

Tarehe 13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tupo, tunasukuma siku. Mama anakohoa asubuhi, na mchana anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na hofu, bado ana nguvu. Nilipomsomea habari ya taulo kichwani alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaanza kulia. Anataka kumwona huyo mjukuu kabla macho hayajamaliza kazi yake.

Swali lako umelileta mahali penyewe. Ndege inayokuletea barua hii nainywesha mimi kwa mkono wangu. Naunga waya wa kuzuia cheche, nachota mafuta kidogo kwenye chupa nione kama yana maji, nachomeka bomba kwenye bawa, halafu nabana kishikio mpaka matangi yajae. Nikikiachia kishikio, mafuta yanakata hapo hapo. Nanuka mafuta mpaka kwenye foronya. Nikiingia dukani mwenye duka anazima sigara yake, eti anaogopa nisije nikamlipukia.

Basi nisikilize. Mafuta yatashuka. Wakubwa wa bohari wanasema hivyo, madereva wa malori wanasema hivyo, na karatasi ya bei wanayobandika mlangoni kwetu imeanza kuteremka. Mafuta yakishuka, hiyo tozo itatoza nini? Usinunue sasa. Ngoja mwezi wa nne. Utakachookoa kitamnunulia Kibonge viatu, na cha dawa za Mama kitabaki. Haraka haraka haina baraka.

Niachie mimi hili. Wewe ndiye uliyesoma, na miaka yote mimi nimekuwa wa kuuliza na wewe wa kujibu. Leo nimepata jambo moja ninalolijua kukuzidi, nimefurahi mno.

Kaka yako,
Mjomba wa Kibonge

*

Tarehe 27 Machi

Kaka,

Shikamoo, na Mama pia umfikishie. Mimi mzima. Kibonge mzima, amejifunza kusema "hapana" na hasemi kingine.

Nilipita dukani jana. Tozo imepanda. Nikamwambia yule bwana kwamba kaka yangu anajaza hizo ndege na mafuta yanashuka. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize mzaha. Je, ni kweli yameshuka? Nijibu na ndege hii hii ikirudi, nakuomba. Matroni amebadilishwa, na huyu mpya anaona kila kitu.

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu, na jibu nililolipata si la kuandika kwa furaha.

Mafuta yameshuka kweli. Nayaona kwenye karatasi kila asubuhi. Sasa nikajiuliza, mbona tiketi haiteremki nayo? Nikaenda ofisi ya ndege mjini nikiwa na ovaroli langu, maana nilitoka kazini moja kwa moja. Binti wa pale alinyanyua pua, lakini alikuwa na adabu. Akaniambia tozo inapangwa makao makuu, na ikishapanda haina haraka ya kushuka. Halafu akasema wamepunguza safari za njia yenu, viti vimekuwa vichache na watu ni wale wale, kwa hiyo kila kiti kinapanda bei hata mafuta yangekuwa ya bure. Nilidhani anayeshika bomba ndiye anayejua bei, kumbe mimi najua uzito wake tu.

Nunua sasa. Usitazame tena bei, nunua. Safari zikipungua na kazi yetu ya ziada inapungua, lakini kidogo nilichonacho nimekiweka kwenye bahasha hii. Twiga ameahidi hatakisogelea.

Mama anauliza kila siku mjukuu anakuja lini. Nimemwambia karibuni.

Kaka yako

*

Tarehe 30 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Pesa zako nimezipata, ahsante. Viti hakuna. Nimekwenda kila siku ya mapumziko. Kilichopo ni cha mwezi wa sita, na wakati huo Kibonge atakuwa ameshapita miaka miwili, atahitaji kiti chake. Sasa ni viti viwili, kwa bei ambayo kimoja tu kinanishinda. Mwezi wa pili nilikuwa na pesa mkononi, kaka. Nilikuwa nayo, nimesimama mbele ya dirisha la duka, na nikageuka kwa sababu wewe uliniambia nigeuke. Wewe unajaza mafuta, huuzi tiketi. Kwa nini hukuniambia tu kwamba hujui?

Sikutaka kukuandikia hili lakini nitaliandika. Wiki iliyopita Kibonge alitia mkono kwenye pasi ya mvuke, ile kubwa ya mashuka. Nilikuwa nimempa kisogo, nakunja. Ngozi ya kiganja ilitoka. Kelele zake zilimleta matroni, matroni akamleta meneja, na kila mtu aliyekuwa akijifanya haoni akaona. Hospitali wamemfunga bandeji, wanasema vidole vitakunjuka. Meneja amenipa mpaka katikati ya mwezi wa sita. Mtoto aondoke, au tuondoke wote na nilipe nauli waliyonileta nayo.

Mwambie Mama ni mafua tu.

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Una haki. Nimesoma barua yako nikiwa nimeegemea gurudumu la lori, nikairudia mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama nimevuta moshi wa mafuta. Sikukwambia sijui kwa sababu nilipenda kuwa mtu anayejua. Sina neno zaidi ya hilo. Mkono wa Kibonge utakaa kooni mwangu mpaka kufa kwangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sitauliza.

Kuna lingine, na ni baya. Njia yenu inafungwa. Wanasema haiwalipi tena, abiria wameshindwa bei. Ndege ya mwisho itatoka kwenu tarehe 14 Juni, itafika hapa kesho yake, itashusha watu na kugeuka siku hiyo hiyo kuwarejesha huko wafanyakazi na abiria wa mwisho. Baada ya hapo Twiga anapelekwa njia nyingine. Sisi wajazaji nusu yetu tunaachishwa kazi, nami nimo. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba nina pa kuchota.

Uvunje mkataba, mdogo wangu, mje wote. Tutakula tutakachopata. Mama nitamweleza mimi.

Kaka yako

*

Tarehe 13 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kupigia pasi, koti la Twiga liko mbele yangu limekwisha nyooka, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Nimekusamehe. Nilikuwa na hasira na nilitaka pa kuzitua, na wewe ndiye uliyekuwa karibu, ingawa uko mbali hivyo. Hukunitakia ubaya.

Pesa yangu yote, na yako, na niliyokopeshwa na wenzangu wa bwenini, imetosha kiti kimoja. Mimi nikipanda, mtoto anabaki. Kwa hiyo anapanda yeye. Atakuja na Mama Mabegi, yule mama wa kwetu aliyekuwa akija kila mwezi kununua mikoba ya jumla. Naye ni safari yake ya mwisho, anasema tozo imekula faida yote, kilichobaki ni uchovu. Ni mtu mwema, ana sauti kubwa. Nimemwonyesha bandeji inavyofungwa.

Mimi nabaki. Nauli wanayonidai siwezi kuilipa, na dawa za Mama haziwezi kungoja. Mkataba una miaka miwili zaidi. Mungu akitujalia uhai, na njia ikafunguliwa, nitakuja.

Mwambie Mama haya. Kibonge hapendi maziwa ya moto. Anaogopa sauti ya mashine ya kufyonza vumbi, lakini watu hawaogopi hata kidogo, amepita mikononi mwa wengi mno. Akitaka kulala anavuta sikio lake, na mumwachie alivute. Kiganja kipakwe mafuta, na vidole vinyooshwe taratibu hata akikataa. Mwambie pia ukweli kuhusu huo mkono, atauona mwenyewe.

Zamu yangu kesho inaanza kabla hawajaondoka. Mama Mabegi atampitia hapa mlango wa nyuma. Nimemfulia nguo zake zote, hata zile safi.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Kibonge

*

Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Amefika. Nakuandikia kwenye kibanda cha zana, Twiga amesimama mlangoni na koti lake mkononi, ananihimiza. Hii ndiyo ya mwisho kwa mkono wake. Kuanzia kesho ni stempu, na tutangoja kama wengine.

Nilikuwa chini ya bawa, kishikio mkononi. Siku hizi wanatuanzisha kabla abiria hawajamaliza kushuka, wana haraka. Sauti ya Mama Mabegi niliisikia kabla sijamwona. Kisha nikamwona Kibonge mkononi mwake, akiwa na sweta jekundu na bandeji nyeupe. Ana paji lako la uso, huwezi kumkana. Nilitaka kukimbia. Nikiachia, mafuta yanakata na msimamizi anakuja kuuliza, na hii ilikuwa ndege yangu ya mwisho, wangenikata hata ule ujira wa siku. Kwa hiyo nilibana. Nikampungia kwa mkono ulio huru, naye akanipungia kwa ule wenye bandeji, kama alivyompungia dereva wa lori na yule wa mizigo.

Mama alikuwa kwenye uzio wa nje tangu asubuhi, kavaa kanga zake mpya. Niliwaona kwa mbali. Mama Mabegi akamkabidhi, Mama akampokea, akamkumbatia mpaka nikaogopa atamvunja. Kibonge akatulia tu begani kwake, akashika sikio lake mwenyewe, akalala. Hakutazama nyuma kwenye ndege. Hakumtafuta mtu.

Hakulia, mdogo wangu, hata kidogo. Nilikaa hapa niandike hilo kwanza, nikidhani ndiyo habari njema ya kukupa, na sasa nimeliandika nashindwa kuendelea. Twiga anaondoka.

Kaka yako