Vifungo vya Shati la Kasuku

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mgongo umekuachia kidogo. Shemeji msalimie sana; mwambie redio aliyonitengenezea bado inakoroma kama yeye. Sisi huku wazima, ila hilo neno “wazima” lishike kwa tahadhari mpaka umalize kusoma.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni mwalimu wa nidhamu, na kwa kuwa walimu hawatoshi, nikapewa na unasihi juu yake. Ofisi ni ile ile na kiti ni kile kile. Asubuhi namkalisha mtoro namfokea, mchana nasubiri mwenye mzigo moyoni aje akae hapo hapo anieleze. Hakuja hata mmoja, nami nikamwambia mkuu wa shule kwamba watoto wetu hawana shida.

Mwanzoni mwa muhula akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mama wa makamo, mpole kupita kiasi. Akasema anachunguza namna ya kuboresha huduma za afya ya akili kwa vijana mashuleni. Machale yakanicheza. Mtu anayetaka kuongea na watoto bila walimu, anafunga madirisha, halafu anatoka anatabasamu, anatafuta nini kama si makosa yetu? Nikamnong’oneza mwalimu wa hesabu kwamba huyu ni mkaguzi aliyejificha. Akanijibu nipunguze kuangalia tamthilia.

Mtafiti akatuita kikao kutupa majibu. Watoto walisema hawawezi kulia kwenye kiti wanachokalishwa kufokewa. Hakunitaja, lakini walimu wote waligeuka kunitazama, na uso ukanichoma. Akaomba tujaribu kitu kwa muhula huu: yeye mwenyewe atakaa kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya darasa la ushonaji, nyuma ya pazia. Mwenye nguo iliyochanika ataingia ashonewe na fundi, mwenye neno atapitiliza nyuma ya pazia, na aliye nje hatajua nani amefuata sindano na nani amefuata maneno. Mkuu akakubali. Mimi nilikunja mikono kifuani mpaka kikao kikaisha.

Basi dada, vifungo vikaanza kukatika shule nzima. Na wa kwanza ni binti yako, Kasuku. Namshonea kifungo kwa uzi mara mbili, siku si nyingi hakipo. Nashona tena, hakipo. Nikageuza shati nikaona uzi haukulika, umekatwa. Uliponikabidhi mwanao uliniambia nimkazie macho, nami nikayakaza kweli. Nikajua kuna mvulana anayemfuata. Nikapekua mifuko yake, nikanusa sweta, nikawa nasimama dirishani kumsindikiza kwa macho mpaka getini. Mtoto tuliyempa jina la Kasuku kwa kuongea alikuwa amenyamaza, nami ukimya wake niliuhesabu kuwa uongo. Hata fundi wa ushonaji nilimshuku, maskini, mzee wa watu.

Ijumaa nikamwendea mtafiti, nikamtaka aniambie mwanangu anafuata nini kule. Akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kuniambia hata kama amewahi kufika. Nikatoka nimevimba. Jioni nikaliweka shati mezani mbele ya Kasuku, nikamuuliza nani anamkata vifungo.

Akasema anakata mwenyewe, kwa mkasi wangu. Anataka sababu ya kwenda kushonewa. Nikamuuliza kwa nini asije kwangu, mimi mnasihi, mimi mama yake mdogo. Akanijibu bila hasira kwamba siku moja alifika hadi mlangoni kwangu, akakiona kile kiti, akarudi.

Sasa kaa chini, dada. Anayosema nyuma ya pazia mengi siyajui wala siyaulizi. Aliloniruhusu kukuandikia ni hili: muhula uliopita kulikuwa na asubuhi alizotamani asingeamka. Nimelia sana kwa kuwa naye nyumba moja bila kujua. Usiogope kupita kiasi; mtafiti alikuwa ameshamshawishi akubali kwenda hospitali, ila Kasuku alitaka kuniambia mwenyewe kwanza. Tumeshaonana na daktari, na siku zote nitamsindikiza mimi.

Ana ombi moja kwako. Simu yako ikiita anatamani kuikimbia, kwa sababu neno lako la kwanza ni amekuwa wa ngapi darasani. Anaomba uanze na kitu kingine chochote, hata amekula nini. Ukiweza kuja, njoo. Ukija, usimsute.

Mimi nimemwomba mkuu achague moja kati ya nidhamu na unasihi, anivue nyingine. Bado anafikiri.

Leo asubuhi nilipokuwa napiga shati lake pasi nikakuta vifungo vyote vipo. Nikachukua mkasi, nikakata cha pili kutoka juu, nikakitia mfukoni mwa shati. Alikigusa alipofika mlangoni, akajitazama kifuani, akanitazama. Kisha Kasuku wetu akacheka, akasema mkono wangu mzito, nimekata hadi kitambaa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mgongo uukande kwa maji ya moto. Nangoja simu yako; ukipiga uwe umeshajua utaanza na neno gani.

Ni mimi mdogo wako,
mama mdogo wa Kasuku