Ngoma ya Koridoni

3 Machi

Shemeji,
Salamu. Mimi mzima, natumai wewe na dada yangu mnapumua vizuri. Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wapiga gitaa wawili na mwimbaji wetu. Hata ukumbi tuliopigia umekufa kabla yangu, sasa ni ghala la saruji. Simu sitaki, mkono wangu bado unaandika.

Nasikia santuri yetu inatolewa upya, na wewe ndiye uliyeandika majina ya wapigaji. Langu umeliruka. Gitaa lako lilikuwa linaiga redio za ng'ambo, watu wamekaa tu. Nilipoweka ngoma ya mavuno chini yake, viti vikakosa wa kuvikalia. Vijana wa leo wote wanacheza juu ya ngoma ile. Andika jina langu.

Shemeji yako, wa Ngoma

19 Aprili

Shemeji,
Sisi wazima, ila dada yako kifua kinamsumbua. Majivuno hujaacha tu. Siku ya kurekodi ngoma ilimeza sauti ya mwimbaji, fundi mitambo akakutoa studio akakuweka koridoni, akafunga mlango. Umesahau? Nimeandika wanaosikika.

Shemeji yako, wa Gitaa

2 Mei

Shemeji,
Mimi mzima. Mpe pole dada. Mlango haukufungwa. Dada alivua kiatu akakibana mlangoni, akasimama mguu mmoja peku mpaka wimbo ukaisha. Ndiyo siku ulipomwona ukamtaka, usijifanye hukumbuki. Sikiliza pale gitaa linaponyamaza kabla ya ubeti wa pili. Halafu muulize mwenyewe.

Shemeji yako, wa Ngoma

28 Mei

Shemeji,
Salamu. Barua yako niliikuta chini ya mlango tuliporudi kutoka kumzika dada yako. Alifariki tarehe tisa. Simu huna, na barua ingekukuta tumeshafukia. Nisamehe. Sikuwahi kumuuliza.

Jana nimesikiliza. Ipo. Mapigo manne, kwa mbali, kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani. Nimewapelekea wanaotoa santuri jina lako.

Shemeji yako, wa Gitaa

15 Juni

Shemeji,
Nimepata. Mimi mzima. Ngoma niliishusha, nikaitundika tena. Kiatu kilikuwa cheusi, cha mguu wa kushoto. Hao wa santuri wakibisha, fundi mitambo amekufa, mwimbaji amekufa, na dada ndiyo hivyo. Wa kunishuhudia umebaki wewe.

Shemeji yako, wa Ngoma